Mstari wa Mwisho wa Kocha Zarate

Tulimwacha Norbert amekauka katikati ya duka la vitambaa pale Tooting, jibu likiwa kwenye ncha ya ulimi. Alnashir, mwenye duka na mwenye timu, alikuwa amemuuliza swali moja tu: kazi ya Kocha Zarate unaichukua au huichukui? Kabla Norbert hajafungua kinywa, kikohozi kikasikika nyuma ya majora ya vitambaa.

Msomaji uliyehangaika wiki nzima ukijiuliza nani aliyekohoa, pumzika. Alikuwa Zarate mwenyewe.

Akajitokeza taratibu kati ya majora mekundu na ya kijani, mtu mrefu mwenye mabega ya kujaza mlango, anaburuta goti la kulia, mkononi ameshika kamba iliyokatika. Akamtazama Alnashir. Akamtazama Norbert.

"Kamba imekatika," Zarate akasema kwa Kiingereza chake cha kubahatisha. "Nipeni nyingine."

Norbert akashusha pumzi. Kumbe mzee hajaelewa lolote. Tangu aingie dukani, yeye na Alnashir walikuwa wanazungumza Kiswahili, Alnashir cha Mwanza alikozaliwa, Norbert cha Bukavu. Na wewe unayeishi London unajua raha ya jambo hilo. Ndani ya basi, kwenye foleni ya posta, unamsema mtu naye amesimama hapo hapo, anakutabasamia. Mwargentina wa Rosario Kiswahili atakijulia wapi?

Alnashir hakupunguza hata sauti. Alikwenda kwenye kona ya marobota, akavuta kamba ngumu ya kufungia mizigo, akaanza kuipima huku anaendelea na habari yake.

"Mwone alivyosimama, kama mteja," akasema. "Mimi nampenda huyu mzee, Norbert, Mungu ananiona. Lakini mwezi uliopita nimemsikia kwa masikio yangu anaingiza uwanjani mtu ambaye hayupo. Eti Tito. Tito ni nani?"

Norbert akajibu kwamba Tito alicheza na kocha zamani, kwao, na kwamba alishakufa.

"Basi ndiyo hivyo. Timu yangu inachezewa na maiti." Alnashir akakata kamba kwa mkasi wa vitambaa. "Jumapili ni mechi yake ya mwisho. Ashinde, ashindwe, basi. Na kile chumba anacholala juu ya klabu kinakwenda na kazi, atakihama. Utamwambia wewe, maana wewe ndiye mdomo wake. Halafu timu ni yako."

Norbert akauliza, je, mzee akiambiwa kisha akasahau?

"Utamwambia tena Jumatatu," Alnashir akasema, akacheka. "Akija kazini Jumanne, utamwambia tena."

Zarate naye akacheka kidogo, kama anavyocheka mgeni anapoona wenyeji wanacheka. Akapokea kamba yake, akaizungusha begani, akamwinamia Alnashir kwa heshima na kutoka nje kumngoja Norbert.

Hapo ndipo Norbert alipotamka neno ambalo lingemsumbua siku zote zilizofuata. Alisema, "Sawa. Nitamwambia."

* * *

Kwa wewe uliyejiunga nasi leo, mambo ni hivi. Anselmo Zarate alikuwa beki wa kati. Hakuwa na mbio, hakuwa na chenga. Alikuwa na kichwa. Kule Argentina kila mpira wa juu ulikuwa wake, na mipira ya enzi zile ilikuwa ya ngozi; ikilowa mvua ilikuwa mizito kama tofali, naye aliipiga kichwa asubuhi mazoezini na jioni mechini, mwaka hadi mwaka, watu wakimshangilia.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini klabu moja ya London ikamleta huku akiwa ameshaanza kuchoka. Akacheza mpaka goti likakataa. Hakurudi kwao. Akawa kocha, akawa msaidizi kwenye timu ya maana, akafukuzwa. Akapewa timu ndogo, akafukuzwa. Akapewa ndogo zaidi. Makocha wenzake walikuwa wanapanda ngazi, yeye alipata ile ya kushukia. Amity ya Tooting, timu ya Alnashir, ilikuwa ngazi yake ya mwisho, na baada ya hapo hakukuwa na timu ya kumchukua.

Hapo Amity ndipo alipomkuta Norbert, beki mwenzake, mkimbizi kutoka Bukavu, msafishaji wa ofisi. Akamfundisha, akamzeesha uwanjani, kisha akamfanya msaidizi wake. Tena siku za Norbert kwenda kuripoti kwenye lile jengo la uhamiaji Croydon, Zarate alikuwa anapanda naye tram, ile treni ya mitaani, anasimama naye foleni kwenye mvua, anamngoja nje mpaka atoke. Hakuwa na msaada wowote wa kutoa. Alisema tu kwamba beki haachwi peke yake, na akasimama. Siku Norbert alipopata makaratasi yake, mtu wa kwanza kulia alikuwa Zarate.

Huyo ndiye mtu aliyetakiwa kuambiwa afungashe.

Na ile kamba? Mabeki wanne wa Amity walifungwa kamba moja viunoni kila mazoezi. Wakipanda, wapande pamoja; wakirudi, warudi pamoja; anayechelewa anavutwa na wenzake. Mstari wa Zarate, watu waliuita. Adui akipiga mpira wa juu, mstari unapanda kwa pamoja, na washambuliaji wote wanabaki nyuma yake wameotea, mshika kibendera anainua bendera, kwisha. Kazi ya kuwatega watu, na inataka mtu mmoja anayejua sekunde ya kusema "panda".

Mtu huyo alikuwa Zarate, lakini sauti ilikuwa ya Norbert. Mabeki wote wanne walikuwa watoto wa Bukavu, Uvira na Goma. Zarate aliamrisha kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kihispania, Norbert akageuza kwa Kiswahili na kupaza sauti. Hivyo ndivyo Amity ilivyofanya kazi.

Ugonjwa wa kusahau ulipoanza, Krismasi, Norbert aligundua kitu. Mzee akisema "mwingize Tito", yeye anaweza kupaza sauti, "Gires, ingia." Mzee akisema mabeki wapande wakati mpira uko kwa kipa wao wenyewe, yeye anaweza kunyamaza. Nani atajua? Miezi ikapita hivyo. Zarate anaongea, Norbert anafundisha, na watu wanasema mzee bado yumo. Norbert alijiambia anamsitiri mwalimu wake. Alikuwa anamsitiri kweli. Pia, na hapa tusimpambe, alikuwa ameanza kuipenda kazi.

* * *

Jumamosi jioni Norbert alimchukua Zarate mpaka nyumbani kwake ili amweleze mbele ya chakula. Alidhani chakula kingesaidia.

Annonciata, mke wa Norbert, alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee huko Croydon, jirani na lile jengo la uhamiaji, anaogesha, analisha, anabadilisha mashuka. Alimpokea Zarate kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kiti chake cha kila wiki, akamwekea bugali, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo na dagaa. Keren, binti yao, akamsalimu mgeni kwa Kiingereza na kurudi kwenye televisheni.

Norbert alimeza tonge, akamtazama kocha, akafungua kinywa. Kilichotoka ni kwamba kesho huenda mvua ikanyesha.

Annonciata akamwangalia mumewe kwa pembe ya jicho. Akasema kwa Kiswahili chao cha Bukavu, kile kinachosema "ba" pale wengine wanaposema "wa", huku anamwongezea Zarate sombe, "Papa Keren, haujamuambia."

Norbert akasema bado anatafuta namna.

"Namna gani? Ule muzee eko naisha. Njo vile banaanzaka, mi nabaona kila siku. Kwanza banasahau njia. Kisha banasahau batu. Mwaka kesho hatajua hata jina yake." Akamsogezea Zarate maji ya kunywa. "Kwetu ku kazi kuko chumba moja. Bibi mumoja amekufa juzi. Unisikilize, nimuulizie musimamizi?"

Norbert akauliza chumba kiko vipi. Annonciata akamweleza: dirisha linaangalia maegesho ya magari, mlango unafungwa kwa nje usiku kwa wale wanaotangatanga. Si mbaya. Yeye mwenyewe angekuwa anamwona kila siku, angemwogesha vizuri kuliko wageni. Aliyasema yote hayo kwa huruma, na machozi yalikuwa yanamlenga. Alimpenda mzee yule. Lakini aliyasema mbele yake, kati ya sahani na sahani, kama mnavyozungumzia mtoto aliyelala.

"Je, akikataa kwenda?" Norbert akauliza.

"Habakataake. Unabaambia tunaenda kutembea, banakuja."

Zarate alikuwa ameacha kula. Tonge lilikuwa mkononi mwake, halijafika kinywani. Annonciata akamwonyesha mumewe kwa kidevu: ona, hata kula anasahau. Akamsogelea, akamshika mkono taratibu, akamsaidia kulipeleka mdomoni. Zarate akatafuna, akameza, akamtazama usoni kwa muda, kisha akamshukuru kwa Kiingereza.

Norbert hakumwambia kitu usiku ule. Alimrudisha mpaka mlangoni mwa chumba chake juu ya klabu, wakaagana. Akajiapiza kwamba kesho, mechi ikiisha, atasema.

* * *

Jumapili mvua haikunyesha. Kulikuwa na baridi ile ya Aprili inayokudanganya uache koti nyumbani. Wapinzani walitoka Deptford, majitu marefu yenye viwiko. Amity walihitaji sare tu, wabaki kwenye daraja lao. Wakifungwa, wanashuka.

Zarate alivaa suti. Norbert hakuwa amemwona na suti tangu siku ya makaratasi, na ilimuuma kuiona, maana aliona imefuliwa na kunyooshwa kwa mkono wa mtu asiyejua kunyoosha.

Deptford walifunga mapema. Zarate akasema jambo kuhusu treni. Norbert akapaza sauti kwa Kiswahili kwamba Gires, beki wa kushoto, awe anapanda kwenye kona. Gires akapanda, kona ikapigwa, akaruka juu ya majitu yote na kusawazisha kwa kichwa. Uwanja ukalipuka. Zarate hakushangilia. Alikuwa anamtazama Gires akijisugua paji la uso.

Wakati wa mapumziko Alnashir akamvuta Norbert pembeni, pua nyekundu kwa baridi na furaha.

"Sikiliza, bwana. Nimefikiri usiku. Tukibaki daraja, mzee akae na chumba chake. Nitamtafutia kazi ya kufungua geti, kupanga mipira. Wewe utakuwa kocha, yeye atakuwa hapa hapa, mpaka Mungu amchukue. Lakini tubaki. Tukishuka siwezi, wenzangu tunaochangia timu watanimaliza."

Norbert alimshika mkono Alnashir kwa mikono yote miwili. Kwa mara ya kwanza tangu Krismasi aliona njia. Hakuna Croydon, hakuna mlango unaofungwa kwa nje. Sare tu. Mstari ukae sawa mpaka mwamuzi apulize.

Kipindi cha pili kikaenda kwa meno. Deptford walisukuma, Amity wakasukuma. Zarate aliongea kidogo, na alichoongea Norbert alikipitisha kwenye chujio lake kama kawaida: hiki kitupe, hiki kigeuze. Saa ya mwamuzi ilikuwa imekaribia mwisho alipomwadhibu Gires kwa kumshika mtu jezi. Faulo kwa Deptford, mbali, karibu na mstari wa kati. Majitu yote yakajazana mbele ya lango la Amity kungoja mpira wa juu.

Zarate akasimama. Akasogea mpaka chokaani. Suti ikapepea.

"Juu!" akasema kwa Kiingereza. "Wapande! Sasa! Tito, juu!"

Msomaji, jiweke mahali pa Norbert. Mzee amemwita Tito. Macho yake yako mbali, Rosario huko, mwaka mwingine, mechi nyingine. Mpira uko karibu kupigwa. Mabeki wanne wamegeuza vichwa, wanamtazama Norbert, wanangoja sauti. Wakipanda na mzee akawa amekosea, lango liko wazi, na kila kitu kimekwisha.

Norbert akafanya alichofanya tangu Krismasi.

"Rudini!" akapaza sauti. "Rudini nyuma wote!"

Wakarudi. Mpira ukapigwa, ukaja juu, ukining'inia. Lile jitu refu kuliko yote la Deptford, ambalo lingeachwa limeotea peke yake kama mabeki wangepiga hatua moja mbele, likaruka bila wasiwasi katikati ya watu waliokuwa wanarudi nyuma kinyumenyume, na kuugonga mpira kwa kichwa. Mshika kibendera alikuwa kwenye mstari, mkono chini. Wavu ukatikisika.

Mwamuzi hakusubiri hata mpira uwekwe kati. Akapuliza filimbi ya mwisho.

Norbert alibaki ameshika kichwa. Akili yake ilikuwa inairudia hatua ile moja, wakipanda, wakirudi, wakipanda. Mzee alikuwa sahihi. Kati ya maagizo yote ya miezi ile, lile moja lilikuwa sahihi kabisa, kwa sekunde yake, na yeye akaligeuza.

Ndipo aliposikia sauti ubavuni mwake. Sauti nzito, ya taratibu. Nayo haikusema Kiingereza.

"Nilisema bapande, Norbert. Juu ya nini umebaambia barudi?"

Norbert akageuka polepole. Hapakuwa na mtu mwingine pale. Alikuwa Zarate, na Kiswahili kilichotoka kinywani mwake kilikuwa cha Bukavu tupu, cha mezani kwa Annonciata, cha vyumba vya kubadilishia nguo, cha mabeki wanne wanaotaniana wakiwa wamefungwa kamba. Miaka yote ile ya kusikiliza.

"Kocha," Norbert akasema. "Tangu lini?"

"Zamani." Zarate alitafuta maneno, akayapata moja moja. "Munaongea mingi, nyinyi. Mutu anasikia. Nilikuwa naona haya kusema, sababu siyajue muzuri. Halafu mukaanza kuongea juu yangu. Nikanyamaza."

Duka la vitambaa likamrudia Norbert, na kile kicheko. Meza ikamrudia, sombe, mlango unaofungwa kwa nje, tonge lililosimama hewani. Habakataake, unabaambia tunaenda kutembea. Mungu wangu, alikuwa ameketi pale, anasikia, na wakamlisha kama mtoto mchanga. Norbert alitamani ardhi immeze.

"Na vile ulikuwa unabadilisha maneno yangu," Zarate akaendelea, "nilikuwa najua. Kila siku. Nilikuwa nasikia nimesema vibaya, wewe unasema vizuri. Nilifurahi. Nilisema, huyu nimemufundisha." Akatazama lango la Amity, pale kipa alipokuwa bado amelala kifudifudi. "Leo tu. Leo njo nilikuwa nimejua kweli."

Norbert alilia. Hakujificha, alilia uwanjani mbele ya watu, na wachezaji wake walidhani anaililia timu.

Alnashir alikuwa anakuja, anakanyaga matope kwa viatu vya dukani, uso umefungwa. Alipowafikia alimtazama Norbert tu. Akamwambia kwa Kiswahili, kama alivyozoea, amwambie mzee sasa hivi, wamalize.

Zarate akavua filimbi shingoni. Akaivisha shingoni mwa Norbert, akaiweka sawa kifuani, kama unavyomvisha mtoto siku ya kwanza ya shule. Kisha akamgeukia mwenye timu.

"Usimusumbue kuniambia, Bwana Alnashir," akasema. "Nilisikia mu duka. Na nikisahau, Jumatatu nikakuja kazini, muniambie tena. Jumanne, muniambie tena. Lakini musicheke."

Rangi yote ikamtoka Alnashir. Alinyoosha mkono, labda kuomba radhi, labda kumshika mzee asianguke, lakini mkono ulikuta hewa. Zarate alikuwa ameshaanza kuondoka kuelekea klabu, akiburuta goti, mgongo umenyooka ndani ya ile suti.

* * *

Norbert alitaka kumfuata papo hapo. Hakuweza. Mwamuzi alimtaka, Gires alimwangukia akiomba msamaha kwa ile faulo, wengine wakamzunguka. Alnashir akamshika kiwiko, akawa anarudia neno moja: sikujua, ndugu yangu, sikujua. Kama vile Norbert alikuwa anajua.

Alipofanikiwa kupanda ngazi za chumba cha juu, mlango ulikuwa wazi. Kitanda kimetandikwa. Kabati tupu. Sanduku lililokaa juu ya kabati miaka yote halikuwepo. Kamba mpya ilikuwa imening'inizwa kwenye kitasa, imekunjwa vizuri, tayari kwa mazoezi ya Jumanne.

Akatoka mbio. Wiki mbili nyuma mzee alipotea na kupatikana Tooting Broadway, anauliza njia ya nyumbani watu wasioelewa anachouliza. Norbert akaenda huko. Akauliza kwa muuza sambusa, akauliza kituoni, akauliza kwa kinyozi ambaye dirisha lake linaona njia panda yote. Mzee mrefu, suti, sanduku. Hakuna aliyemwona. Akaingia mpaka mtaa wa nyuma anakopenda kukaa kwenye benchi. Benchi lilikuwa na njiwa.

Alikuwa amerudi kwenye uwanja mtupu, hana pumzi, simu ilipoita mfukoni. Annonciata. Jumapili ile alikuwa na zamu ya mchana huko kazini, na kazini huwa hapigi simu.

"Papa Keren," akasema, sauti ya chini, ya mtu anayejificha kwenye korido. "Kocha wako eko huku."

Norbert hakuelewa. Huku wapi?

"Huku, Croydon. Amekuja na tram, yeye peke yake, na valizi yake ya nguo. Amesimama mu mlango, amevaa suti. Ananiongelesha Kiswahili, Papa Keren. Kiswahili yetu. Amesema nisihangaike kumudanganya ya kutembea. Amesema amekuja mwenyewe."

Mzee aliyepotea hatua chache kutoka kitandani kwake alikuwa amevuka nusu ya London kusini bila kumuuliza mtu. Norbert alijua ni kwa nini. Njia ile aliipita mara nyingi mno kumsindikiza mkimbizi wake. Njia zote zilikuwa zimemtoka kichwani, ile ya Croydon ilikuwa imebaki.

"Musimamizi ametoka," Annonciata akaendelea. "Amemuuliza nani amekuleta, batu yako bako wapi. Anajibu, ni Norbert amenituma. Anasema vile tu, kila wakimuuliza. Ni Norbert amenituma."

Mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ukafunguka. Gires akatoa kichwa, macho mekundu, ameshika mipira kwapani.

"Kocha," akaita, "mipira tuiweke wapi?"

Norbert akageuka kuangalia nani anaitwa. Uwanjani hapakuwa na mtu mwingine. Filimbi ilikuwa kifuani mwake, baridi.

"Papa Keren, unanisikia?" Annonciata alikuwa analia sasa. "Musimamizi anangoja hapa na funguo. Ananiuliza kama ni kweli umemutuma. Nimujibu nini?"